Siku Sita Bila Kuitika

Nilisikia kwanza, kuona kulikuja baadaye. Vidole viwili vilikuwa vinagonga mgongo wangu, vikishuka polepole: ti, ti, ti, sauti ya pipa tupu. Vilipofika chini ya bega la kulia, sauti ikabadilika. Pu. Pu. Kama kugonga ukuta wa udongo. Nilikuwa nimekaa kwenye stuli, uso ukutani, blauzi nimeipandisha, sketi ya shule nimeibana kiunoni kwa pini mbili kwa sababu mwili ulikuwa umeondoka ndani yake. Sikujua aliye nyuma yangu ni nani. Vidole vilirudi juu, vikashuka tena, vikasimama palepale.

"Umesikia?" sauti ya mwanamke iliuliza.

"Nimesikia."

"Nini?"

"Huku juu ni tupu. Huku chini kuna kitu kimejaa."

"Kidato cha ngapi?"

"Cha tatu."

"Fizikia unasoma?"

"Nilikuwa nasoma."

"Nani amekuambia umeacha?"

Ndipo nikageuka. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye pengo la mbele, koti lake jeupe limetiwa viraka vya kitambaa cha pazia kwenye viwiko. Huyo ndiye Mama Sabina, tabibu wa wodi ya kifua kikuu katika hospitali moja ya Musoma. Siku hiyohiyo alinionyesha kitanda, akaniambia nitachomwa sindano kila asubuhi, sitini kwa jumla, na vidonge juu yake.

Naandika haya kwa ajili ya mwanafunzi anayeuma shuka bwenini ili wenzake wasimsikie akikohoa. Siku hizi asubuhi nafanya kazi maabara, na jioni naandika riwaya. Wenzangu wa kalamu huniuliza inakuwaje mtu wa hadithi ashinde na makohozi ya watu. Huwa nawajibu ovyo. Jibu lenyewe ni hili, na ni refu kidogo.

Ilikuwa miaka ile ambayo mgonjwa alikwenda hospitali na blanketi lake, sahani yake, beseni lake, na kipande cha sabuni kama kipo. Madukani sabuni za rangi zilikuwa zimeanza kuonekana tena, lakini zilikuwa za kutazama. Grafu za joto la wagonjwa zilichorwa nyuma ya karatasi za mitihani ya zamani. Mama Sabina alipogundua ninajua kuchora grafu, alinipa rula na penseli, nikawa nachora za wodi nzima. Nilikuwa naona homa ya kila mwanamke ikipanda na kushuka kama vilima vya Butiama. Grafu nyingine zilikatika katikati ya mlima. Sikuuliza.

Nilikuwa na sababu ya kuvumilia. Mwalimu mkuu alikuwa amesema nikimaliza sindano kabla shule haijafunguliwa, nitarudi kwenye mchepuo wa sayansi. Wasichana tulikuwa wanne tu. Nisipofika, nafasi yangu atapewa mwingine, na mimi nitarudi kwetu Kibara kuanika dagaa juani. Kuanika dagaa si aibu. Mama yangu ametulea kwa kazi hiyo. Lakini nilikuwa nimeshaona moyo wa chura ukidunda juu ya meza ya maabara, na sikutaka kitu kingine duniani zaidi ya kuona tena mambo ya namna hiyo.

Mwili ulibadilika. Vidonge viligeuza mkojo kuwa rangi ya chungwa, na siku nilipolia, leso ilibaki na madoa ya rangi hiyohiyo. Nilikaa nikiyatazama. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba hata machozi yangebadilika. Baada ya sindano ya ishirini sakafu ilianza kuyumba kama mtumbwi, na masikioni ukaingia mlio mwembamba usiokoma. Mara nyingine, katikati ya mchana, mlio ule ulijikunja ukawa kama mtu anayeita kutoka upande wa ziwa. Nilikuwa nageuka. Hapakuwa na mtu.

Nilifanya kosa la kumwambia bibi yangu.

Bibi, mzaa mama, alikuja kutoka Butiama na unga wa udaga, muhogo uliovundikwa, kichwani. Alikaa chini kando ya kitanda, akanitazama muda mrefu bila salamu.

"Anakuitaga?" akauliza.

"Nani, bibi?"

"Huyo unayegeukaga. Anakuita nani?"

"Nyabwire."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta. "Jina imekukataa. Niliwaambia siku ile ulizaliwa, wakajifanya hawasikii."

Kwetu mtoto hupewa jina la aliyetangulia, na jina linaweza kumkubali au kumkataa. Mimi nilipewa la shangazi yake baba, mwanamke wa Kibara aliyekufa akikohoa damu. Bibi alisema shangazi amechoka kulala peke yake. Aliingiza kidole kwenye bakuli la maji, akanigusa paji la uso, akanong'ona jina jipya sikioni mara tatu: Nyakwesi. Huyo alikuwa mama yake, aliyeishi mpaka meno yakaisha.

"Sasa nisikilize," akasema. "Lile la zamani ukiitwa, usiitike. Hata mara moja. Anayeita ni yule, anaazima tu mdomo ya watu. Mpaka mwezi mwingine uandame."

"Na muuguzi akiniita?"

"Hasa huyo."

Mnaosoma haya mtasema, wewe si ulikuwa unasoma sayansi? Nilikuwa nasoma. Nilijua kikohozi changu kinatokana na nini. Niliweza hata kukichora. Lakini matako yangu yalikuwa yamevimba kwa sindano thelathini na nane, masikio yanalia, na bibi yangu alikuwa ananipa sababu ya heshima ya kutokwenda. Kujua kulikaa kichwani na kunyamaza kukakaa mdomoni, na havikuonana.

Wiki hiyo Mama Sabina alikwenda Bunda kufuatilia dawa zilizokuwa zimekwama. Akabaki muuguzi mgeni, mwenye haraka, asiyejua sura zetu. Alikuwa anasimama mlangoni pa wodi na daftari, anasoma majina, na anayeitwa anamfuata chumba cha sindano.

"Nyabwire Magesa."

Nilikuwa nimekaa kitandani, hatua chache kutoka kwake. Sikuitika.

"Nyabwire Magesa!"

Wodi nzima ilisikia. Walikuwa wanawake ishirini na kitu, kutoka Rukuba, kutoka Bunda, kutoka vijiji vya rasi, kila mmoja na lugha ya kwao, na hakuna hata mmoja aliyeninyooshea kidole. Walikuwa wamemwona bibi na bakuli lake. Kila mmoja alitazama pembeni.

"Hayupo?"

"Hatumjui, mama," alijibu jirani yangu wa kitanda, aliyekuwa amekula nami sahani moja asubuhi ileile.

Muuguzi akaandika.

Siku ya pili ikawa hivyohivyo. Siku ya tatu nilisikia jina likipita juu yangu kama kivuli cha ndege. Siku ya nne nilijaribu kujihisi ndani ya jina hilo na sikuhisi kitu. Lilikuwa jina la msichana niliyewahi kumfahamu shuleni, mwenye mwandiko mzuri. Siku ya tano wale wadudu wadogo wa ziwani waliinuka kama moshi, nguzo nyeusi ndefu ikitembea juu ya maji, wakaingia madirishani, wakafunika mashuka, kuta na nyuso. Muuguzi aliita akiwa ameziba mdomo kwa kitambaa. Sauti yake ilikuja kutoka ndani ya wadudu. Nilishika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili nisiitike, maana safari hii nilitaka kuitika.

Siku ya sita hakuita. Alichukua kalamu nyekundu, akavuta mstari juu ya jina langu.

Mchana uji ulipokuja hapakuwa na kikombe changu. Uji uligawiwa kwa majina ya daftari. Wenzangu walinigawia, kijiko cha huyu, funda la yule, na hawakunitazama machoni walipokuwa wanatoa. Nililishwa kama wanavyolishwa waliokufa.

Mama Sabina alirudi kesho yake na vumbi la Bunda kwenye nyusi. Tulimsikia ofisini, ng'ambo ya ukuta.

"Huyu mtoto wa shule amekufa lini?"

"Sijui, mama. Nimeita siku tano hayupo. Wanasema hawamjui. Nikajua ndiyo hivyo."

"Nani alimwosha?"

Tukasikia daftari likifunuliwa.

"Nakuuliza, nani alimwosha? Alitoka humu na miguu yake?"

Aliingia wodini kuchukua blanketi langu na vitu vyangu awapelekee ndugu. Alinikuta nimekaa, mdomo umejaa ugali. Alisimama. Naukumbuka uso wake vizuri: kwa muda mfupi hakuwa tabibu, alikuwa mtoto wa wachunga ng'ombe wa ng'ambo ya mto Mara anayeona mtu aliyekwisha kuzikwa. Kisha akaja akanifinya sikio mpaka nikalia.

"Kumbe marehemu anakula udaga," akasema. "Na mboga anapata?"

Wanawake wote walicheka, na kucheka kukageuka kukohoa kitanda hadi kitanda.

Jioni, wakati wa kuona wagonjwa, bibi alipoambiwa kuhusu mstari mwekundu hakushtuka. Alipiga kigelegele.

"Wamelikata? Kabisa kabisa? Basi shangazi amechukua lake ameondoka! Huyu wangu amepona."

"Bibi, dawa zinaandikwa kwa jina," Mama Sabina akasema. "Jina likikatwa, dawa inakatwa."

"Andika Nyakwesi."

Mama Sabina akamtazama, akafungua daftari palepale juu ya goti, akaandika Nyakwesi Magesa. Kisha akaandika moja pembeni.

"Moja nini?" nikauliza.

"Sindano moja. Nitapima makohozi kesho. Kama vijidudu bado wamo, tunaanza upya."

Nilihesabu kwa vidole chini ya shuka. Shule ingefunguliwa nikiwa bado sijafika hata nusu.

Kabla hatujapima, baba alifika. Mtu wa Kibara aliyekuja hospitali na mwanawe alikuwa ameuliza habari zangu dirishani, akaonyeshwa ule mstari. Akarudi na habari. Baba aliingia uani na mbao nne za mtumbwi wa zamani begani, bado zina lami, na misumari mfukoni. Nilikuwa nje juani. Alinitazama. Aliziweka mbao chini taratibu sana, akakaa juu yake, akaanza kucheka, na kicheko kikamshinda, akaficha uso kwenye kofia.

Aliposikia sababu, alisimama, akamgeukia bibi aliyekuwa kando yangu. "Mama mkwe, umemtupa shangazi yangu?"

"Shangazi yako ndiye alikuwa anamtupa mjukuu wangu."

"Mimi sina mtoto anaitwa Nyakwesi."

"Basi huna mtoto. Rudi na mbao zako."

Walisema hivyo mbele yangu, mkwe na mkwe, watu ambao kwa desturi hawakupaswa hata kutazamana usoni. Baba aliondoka bila kuniita jina lolote. Alisema tu, "Wewe, kula." Mbao alituachia, na wagonjwa wenye nguvu wakazifanya benchi. Miezi yote iliyobaki nilisubiri zamu yangu nikiwa nimekalia jeneza langu. Lilikuwa benchi zuri, halikuwa na kunguni.

Fundi wa maabara alikuwa ameacha kazi akauze mitumba Bunda, hivyo Mama Sabina alipima mwenyewe. Umeme haukuwepo, hadubini ilitumia kioo kidogo cha kunasa jua, na jua lilifika dirisha lile kama saa nne asubuhi, likakaa muda mfupi tu. Alituita mimi na bibi.

"Fumba jicho moja," akaniambia.

Niliona uwanja wa buluu, mtulivu, kama ziwa likitazamwa kutoka mbali sana. Halafu vijiti vyekundu vyembamba, viwili, vitatu, kimoja kimejikunja. Havikusogea. Nilihisi vinanitazama. Vilikuwa vimetoka kifuani mwangu asubuhi ile, na vilikuwa vizuri, na uzuri huo ndio ulionitisha.

"Bibi, njoo nawe."

Bibi alikataa, kisha akainama, akishika meza kwa mikono miwili. Alikaa pale mpaka jua likaanza kuhama.

"Hawa ndio wanamuitaga?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Hawa hawajui jina lake, bibi. La zamani hawajui, jipya hawajui. Wanajua nyama tu."

Bibi akainuka. "Basi hawa ni wabaya kuliko shangazi," akasema polepole. "Shangazi angalau alikuwa anamfahamu." Akajifunga kanga upya. "Mchome."

Nikaanza moja.

Kidonda cha mwaka uliopotea ndicho kilichouma kuliko sindano. Shule ilifunguliwa, kutoka uani niliwasikia wenzangu wakipita na viatu vyao. Mvua za mwisho za vuli zilinikuta kwenye sindano ya kumi na tano. Palizi ya pamba ilinikuta ya arobaini. Nilimwambia Mama Sabina anirudishe nyumbani, sayansi si ya watu kama mimi. Mtu anayekubali kuwa maiti siku sita kwa sababu ya bakuli la maji hawezi kuwa tabibu.

Alikuwa anachemsha sindano kwenye sufuria. Hakugeuka.

"Akija hapa daktari wa mbali, akakuta msichana amenyamaza siku sita, ataandika nini?"

"Mjinga."

"Ataandika mkaidi. Wewe utaandika nini?"

Alitikisa sufuria, akajijibu mwenyewe.

"Utakwenda kuuliza ana bibi au hana. Ndiyo maana nakutaka. Nataka wa visiwani, nataka wa pamba, nataka wa ng'ombe kama mimi. Mimi darasani nilikuwa msichana peke yangu, wananiita dume. Haya, dume limezeeka. Nani atakaa hapa nikiondoka? Lete hilo koleo."

Nilileta koleo. Ninyi mlioko kidato cha tatu mkisikia harufu ya maabara na moyo unawaenda mbio, lakini nyumbani kuna bakuli la maji, msidhani mmoja kati ya hivyo viwili lazima mkitupe kabla hamjaingia. Na mkikohoa wiki tatu, nendeni. Mkiitwa, itikeni. Mimi nilisalimika, lakini mwanamke wa kitanda cha dirishani, aliyenificha pamoja na wengine, alijaribu jambo hilohilo mwezi uliofuata, na kwake kalamu nyekundu haikukosea. Masikio yangu hayajapona. Sauti za ndege wadogo sizisikii tena. Nilikosa kwa sababu hiyo kuwa tabibu wa kusikiliza vifua, nikaenda upande wa hadubini, ambako macho yanatosha.

Makohozi ya mwisho yalikuwa buluu tupu. Mama Sabina alikuwa amemwandikia mwalimu mkuu barua mbili, na jibu likaja na fomu: nitarudia kidato cha tatu, mchepuo uleule, ikiwa mzazi au mlezi ataweka sahihi. Jina lilikuwa limeshapigwa taipu, na halibadiliki. Nyabwire Magesa. Baba alikuwa ziwani, mbali. Mlezi aliyekuwepo ni bibi, aliyekuja kunichukua kwenda Butiama.

Tulikuwa watatu ofisini. Mama Sabina alimsomea fomu yote, pamoja na jina. Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo alikufa," akasema hatimaye. "Mlimkata wenyewe."

"Shule haijui kama alikufa."

"Na akirudi huko akaitikia kila siku asubuhi?"

"Ataitikia, bibi," nikasema mimi. Sauti ilitoka ndogo. "Nikikaa kimya wataniandika sipo."

Bibi alinitazama kama anavyotazama anga akitafuta mvua. Nilijua akikataa, sitamshinda. Nilijua pia kwamba sitamchukia, na hilo ndilo lililonitia hofu zaidi.

"Sijui kuandika," akasema, akanyoosha dole gumba.

Mama Sabina alilipaka wino, akalikandamiza chini ya jina. Bibi akalifuta kwa kanga, taratibu, kidole hadi kidole, ingawa vingine vilikuwa safi. Akakunja kanga. Akachukua kifurushi cha udaga akakiweka mapajani mwangu.

"Hicho cha huyu wa shule," akasema. "Atasikia njaa."

Kisha akainuka, akatazama upande wa kulia wa kiti changu, mahali pasipo na mtu, chini kidogo, usawa wa kifua chake.

"Nyakwesi, mjukuu wangu. Haya, twende nyumbani."

Alinyoosha mkono, akaufumba kama ameshika mkono mwingine. Mama Sabina alifunga kichupa cha wino. Nilisikia baridi ikinipita ubavuni, ubavu uleule uliokuwa mgonjwa, na nikajua sitakiwi kuinuka. Bibi alifungua mlango, akasimama kando, akampisha mtoto atangulie. Halafu naye akatoka, na mlango ukafungwa nyuma yao.